Kiti cha nje ya mlango

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, semina zimetubana kisawasawa. Hii uzamili jamani si kama digrii ya kwanza. Kule ukikosa kipindi unatafuta desa, unakariri, unafaulu. Huku desa halikufikishi mbali, maana shule yenyewe ni ule ubishi wa kuzunguka meza. Juzi maktaba nimekutana na kesi za Marekani zinazosema hivyohivyo, tena kwa hukumu ya mahakama, nikaona nisilale nazo.

Kulikuwa na mzee mmoja, George McLaurin. Mweusi, mwalimu, uzamili tayari anao, na mwaka 1948 akaomba kusoma udaktari wa elimu katika Chuo Kikuu cha Oklahoma. Kwa sheria ya jimbo, kuwafundisha weusi na weupe pamoja lilikuwa kosa la jinai. Akaenda mahakamani, akashinda, chuo kikampokea. Ila walivyompokea sasa! Meza yake iliwekwa kwenye kijichumba kilichopakana na darasa, awe anamsikiliza mwalimu kupitia uwazi wa mlango. Maktaba akapewa meza ya kighorofa cha juu, ruhusa ya kukaa chumba cha kusomea na wenzake hakuna. Kafteria, meza yake peke yake na saa yake peke yake. Picha ipo mpaka leo: mzee kavaa suti, kakaa pembeni, wenzake weupe wako kule ndani. Mwalimu ni yuleyule, kitabu ni kilekile. Chuo kikauliza, sasa huyu amekosa nini?

Ili uelewe swali hilo lilitoka wapi, rudi mwaka 1896. Mwaka huo Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kuwatenga watu kwa rangi si kosa, ilimradi huduma ziwe sawa. Majimbo ya kusini yakajenga shule mbilimbili, za weusi mbovu, lakini zipo. Kwenye uzamili na sheria hawakuhangaika kujenga kitu. Mwanasheria Charles Hamilton Houston, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Howard, akaona upenyo hapohapo: huwezi kudai kuna usawa na kitu ambacho hakipo. Yeye na mwanafunzi wake wa zamani, Thurgood Marshall, walianza na Maryland, na mwaka 1935 Donald Murray akaingia shule ya sheria ya jimbo. Ni shule ileile ambayo Marshall mwenyewe asingepokelewa kwa sababu ya rangi yake.

Missouri wao walikuja na ujanja mwingine. Lloyd Gaines alipoomba kusoma sheria, jimbo likamwambia tutakulipia karo, nenda kasome jimbo la jirani. Yaani tunakulipa ili usikae na sisi. Mimi hii inaniuma kuliko vibao vyote vya ubaguzi, kwa sababu imevaa sura ya wema. Desemba 1938 Mahakama ya Juu ikaikataa. Gaines hakukaa darasani hata siku moja. Machi 1939 akiwa Chicago alitoka usiku, akasema anakwenda kununua stempu, hakuonekana tena mpaka leo.

Halafu Texas. Heman Sweatt, mfanyakazi wa posta wa Houston, aliomba kusoma sheria mwaka 1946. Jimbo, badala ya kumpokea, likaanzisha shule nyingine haraka haraka kwa ajili ya weusi. Kesi ilipofika juu, majaji wakaanza kuhesabu: chuo cha weupe walimu 16, vitabu 65,000, cha weusi walimu 5, vitabu 16,500. Lakini Jaji Mkuu Fred Vinson hakuishia kwenye rafu za vitabu. Alisema kuna vitu havihesabiki: sifa ya walimu, nguvu ya waliohitimu zamani, jina la shule. Na shule ya Sweatt ilimtenga na asilimia 85 ya watu wa jimbo, ambamo ndimo walimo wengi wa mawakili, mashahidi na majaji atakaofanya nao kazi. Utajifunzaje uwakili peke yako?

Kesi ya Sweatt na ya McLaurin ziliamuliwa siku moja, tarehe 5 Juni 1950, majaji wote kauli moja. Kwa McLaurin walisema vile vizuizi vinamnyima kusoma, kujadiliana na kubadilishana mawazo na wenzake. Chuo kikijitetea kwamba hata vikiondolewa weupe wanaweza kumkwepa, majaji wakajibu kwamba hilo ni jambo jingine. Mtu kukukwepa kwa hiari yake si sawa na serikali kukuzuia. Mahakama haikumwahidi urafiki, ilimpa nafasi tu.

Na nafasi peke yake ngumu, bwana. Sweatt aliingia Texas mwaka 1950, mwaka 1952 akaondoka bila shahada, afya imedhoofika na ndoa imevunjika. Mwenzao Ada Lois Sipuel, aliyepigania sheria Oklahoma, yeye alimaliza, na mwaka 1992 akateuliwa kwenye bodi inayoongoza chuo hichohicho. Marshall alishinda kesi ya shule zote mwaka 1954, na mwaka 1960 akawa London akiwasaidia Wakenya kwenye mazungumzo ya katiba. Aliwaandikia rasimu ya haki za watu, wakiwemo wachache weupe na Wahindi. Mambo ya kuzingatia rangi kwenye udahili yaliruhusiwa tena mwaka 2003, yakapigwa chini mwaka 2023. Hiyo ni stori ya siku nyingine.

Kwa nini nimeyaandika haya leo? Darasani kwetu tuko 11. Mmoja anatumia kiti cha magurudumu, na semina yetu iko ghorofa ya pili, lifti hakuna. Muhula mzima tumekuwa tukimtumia desa kwa baruapepe, na tukijiona wasamaria wema. Ada analipa kama sisi, mwalimu ni yuleyule, kitabu ni kilekile. Nilipofika kwenye ile picha ya mzee McLaurin nilifunga kitabu kidogo.

Jana nimempigia simu. Nilidhani ataniambia asante. Akaniuliza, "Kwani chumba cha chini pale karibu na stoo kina kazi gani?" Sikuwa na jibu. Leo asubuhi watu sita tumekwenda kuomba ufunguo, tumeambiwa turudi Jumatatu.