Nasibu na Masimulizi ya Ufipa: Historia Fupi ya Uteuzi wa Sampuli za Matini

Makala haya yanajadili namna uteuzi wa matini unavyoweza kupotosha picha ya fasihi ya jamii. Mfano wetu ni Ufipa, mkoani Rukwa. Roy Willis alifanya utafiti huko katika miaka ya 1960, na mwaka 1978 akachapisha *There Was a Certain Man*, kitabu kuhusu fasihi simulizi ya Wafipa. Hata hivyo, simulizi lililowavuta zaidi wanahistoria ni lile la wanawake wa ukoo wa Twa waliofika Milansi na kuutwaa utawala. Ngano za kawaida hubaki pembeni, kwa kuwa mtafiti anayeteua kwa jicho lake huelekea kule anakokujua.

Dawa ya upendeleo huo ilitafutwa mapema. Mwaka 1927, L.H.C. Tippett alichapisha jedwali la tarakimu nasibu 41,600. Katika miaka ya 1960, W. Nelson Francis na Henry Kučera wa Chuo Kikuu cha Brown walikusanya sampuli 500 za Kiingereza cha Marekani, kila moja ikiwa na takribani maneno 2,000, wakiitumia nasibu katika uteuzi. Leo, programu ya mistari michache hufanya kazi hiyo kwa kufumba na kufumbua.

Lakini wepesi huo una mtego. Tuchukue faili mbili: ya methali yenye mistari 10, na ya ngano yenye mistari 90. Programu ikiteua faili kwanza, kisha mstari, kila methali hupata uwezekano wa 1/20, na kila mstari wa ngano 1/180. Ikichanganya mistari yote, kila mmoja hupata 1/100, lakini ngano ndizo zitakazotawala sampuli. Hivyo, nasibu haimwondolei mtafiti wajibu wa kuamua kipimo chake ni mstari, utungo au utanzu. Uamuzi huo, pamoja na namba ya kuanzishia programu, hauna budi kutajwa ili mwingine aweze kuurudia uteuzi uleule.

Aidha, programu huteua kilichohifadhiwa tu. Masimulizi ambayo hayakurekodiwa Sumbawanga au vijijini hayawezi kuibuliwa na nasibu yoyote. Kwa hiyo, tunahitimisha kwamba uteuzi wa haki huanzia kwenye ukusanyaji wenyewe, kabla ya kompyuta kuwashwa.