CJ, Niko na kibanda cha gemu cha Isongole

Mwaka 2007 pale Isongole kulikuwa na kibanda cha gemu ambacho sisi wa sekondari tulikijua kuliko maktaba. (Maktaba hatukuwa nayo, kwa hiyo sifa hiyo isikushangaze.) Kilikuwa cha mabati. Ndani kulikuwa na televisheni mbili za chogo, PlayStation 2 mbili, na benchi la watu watano ambalo siku zote lilikaliwa na tisa. Umeme ulikuwa wa jenereta. Televisheni ya kwanza ilikuwa ya mpira, mechi moja kwa shilingi mia. Ya pili ilikuwa ya San Andreas, na hapo ulilipa kwa muda.

Kwa asiyeijua Isongole: ukitoka Tunduma kuelekea Mbeya, unakata kona pale Mpemba, unaingia Ileje, na barabara inakupeleka mpaka unapokutana na Malawi. Upande wa pili ni Chitipa. Siku hizi barabara hiyo ni lami. Enzi zetu ilikuwa vumbi kiangazi na utelezi masika, na CD za gemu zilipanda mabasi kutoka Tunduma pamoja na magunia na makreti ya soda. Kila mteja kibandani alikuwa na daftari la kodi. Mpakani neno kodi lina maana moja tu, na mtu mzima akisikia watoto wanalinganisha kodi anaweza kushtuka, lakini zetu zilikuwa zile za vitufe: R1, R2, L1, kushoto, chini, kulia, juu, na ghafla una bunduki au una pesa. Mimi nilijifunza kunakili kwa uangalifu kutoka kwenye daftari lile, si darasani.

Nimekuwa nikitaka kuandika kuhusu San Andreas na iliyoifuata kwa muda mrefu, kwa sababu naona tunazungumza sana hapa kuhusu wasomaji kumkasirikia mwandishi anapobadilika, lakini hatuzungumzii ugomvi mkubwa wa aina hiyo ambao kizazi changu kiliuishi. Haukuwa ugomvi wa vitabu.

Gemu ya Grand Theft Auto: San Andreas ilitoka Oktoba 2004. Waliotengeneza ni Rockstar North, kampuni yenye makao Edinburgh, Scotland, na hilo lilinishangaza sana nilipokuja kulijua, maana nilidhani watu waliojenga mitaa ile lazima wawe wamekulia Los Angeles. Mhusika ni Carl Johnson, CJ. Ni mwaka 1992, anarudi nyumbani baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa. Gemu nzima inaanzia kwenye msiba. Sisi hatukuelewa Kiingereza vizuri, lakini msiba tuliuelewa, na aliyetutafsiria mengine alikuwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye alisimama nyuma ya benchi akiwasemea wahusika kama Lufufu kwenye mikanda ya video. Nusu ya aliyoyasema aliyatunga. Nilikuja kugundua miaka mingi baadaye kwamba kuna mazungumzo mazima ya CJ na kaka yake, Sweet, ambayo hayamo kwenye gemu. Ya kaka yangu yalikuwa mazuri zaidi.

Sasa, kilichotushika si risasi. Risasi zilikuwepo kwenye gemu zote. Kilichotushika ni kwamba CJ alikuwa na mwili. Alisikia njaa. Usipomlisha alikonda, misuli ikaisha. Ukimlisha kuku na piza bila kumkimbiza alinenepa hadi watu barabarani wakamcheka. Ukizidisha, alitapika. Ulimpeleka jim akanyanyua vyuma, ulimpeleka kinyozi, ulimchora tatuu. Akiogelea sana, pumzi yake chini ya maji ilirefuka. Akiendesha pikipiki sana, aliacha kuanguka hovyo. Kila kitu kilikuwa na mstari wake wa kujaa, na mistari hiyo ukiitazama ulijiona mwenyewe: mvivu, mlafi au mwenye bidii.

Wenye kujua watasema huo si uvumbuzi, na wana haki. Ni mali ya gemu za kuigiza uhusika, ambazo ukoo wake unaanzia mezani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Hapakuwa na televisheni. Palikuwa na karatasi, penseli, dadu, na mtu mmoja anayesimulia. Nguvu ya mhusika wako iliandikwa kwa namba, na namba zilipanda kadiri ulivyoishi. San Andreas ilichukua karatasi ile, ikaivisha fulana nyeupe na kuipeleka mtaani. Ikawa gemu iliyouzwa kuliko zote kwenye PlayStation 2, zaidi ya nakala milioni 17, na hizo ni za halali tu. Za kwetu kutoka Tunduma hakuna aliyezihesabu.

Mimi na kaka tulikuwa na memori kadi moja ya megabaiti 8. CJ wetu alikuwa mmoja. Mimi nilimpeleka jim, kaka akimpata anampeleka kwenye duka la kuku na kumlisha mpaka tumbo linatoka nje ya fulana, halafu anahifadhi. Nikifika kesho yake nalipia nusu saa ya kumkondesha. Tuligombana kwa hilo kuliko kwa jambo lolote la nyumbani.

Mwaka 2009 kaka aliondoka. Alivuka Tunduma, akaingia Nakonde, akaenda zake kusini kama walivyokwenda wengi wa rika lake, na miezi kadhaa baadaye akapiga simu kusema yuko Sauzi, mambo mazuri, ana duka.

Wakati huo Grand Theft Auto IV ilikuwa imeshatoka, Aprili 2008, na ugomvi ulikuwa umeshawaka duniani. Wahakiki waliisifu kiasi ambacho sikumbuki gemu nyingine kusifiwa hivyo. Wastani wao kwenye Metacritic ni 98 kwa mia. Kwa wiki moja iliuza nakala milioni 6. Lakini wapenzi waliofungua maboksi walianza kuulizana: jim iko wapi? Ndege ziko wapi? Miavuli ya kurukia, baiskeli, vinyozi, tatuu, maeneo ya magenge ya kuteka, mashamba na jangwa? Vyote vimeondolewa. Badala ya miji mitatu na mapori kati yake, mji mmoja tu, Liberty City, ambao ni New York kwa jina la bandia. Mhusika, Niko Bellic, mwanajeshi wa zamani kutoka Ulaya Mashariki, hanenepi wala hakondi. Chakula kinampa uhai tu. Magari yamekuwa mazito, yanayumba kwenye kona kama lori la mkaa. Na juu ya hayo ana simu, na simu inalia. Binamu yake, Roman, anataka wakacheze bolingi. Unamkimbia polisi, Roman anataka bolingi.

Watengenezaji walikuwa na hoja yao: wamepunguza upana ili waongeze kina. Kila kona ya mji ilikuwa na takataka zake na sura yake, mtu akigongwa mwili uliitikia kwa namna ambayo haikurudiwa mara mbili, na hadithi iliandikwa kwa uzito. Waliochoka na uzito huo walihamia Saints Row 2, iliyotoka Oktoba mwaka huohuo, na ambayo iliwaruhusu kumbadilisha mhusika mpaka mama yake asimtambue. Mgawanyiko ukakaa hivyo: wengine wakasema hatimaye gemu imekua mtu mzima, wengine wakasema mtu mzima gani huyu asiyejua hata kuendesha baiskeli.

Na sisi Isongole? Sisi tuliichukia IV kabla ya kuicheza. PlayStation 3 hakuna aliyekuwa nayo, na kompyuta ya kuibeba ndiyo kabisa. Habari zililetwa na waliokwenda Mbeya, wakaona kwa mtu, wakarudi na orodha ya vilivyokosekana. Mwenye kibanda alinunua Tunduma CD ya PlayStation 2 iliyoandikwa GTA IV kwa herufi kubwa. Tulijazana siku hiyo. Kumbe ilikuwa San Andreas ileile, imebadilishwa picha za mwanzo na sura ya CJ. Jambo la ajabu ni kwamba tulifurahi. Kuna mtu alisema, nakumbuka, kwamba hii IV si mbaya kama walivyosema, jim ipo.

Wasomaji wa hapa watakumbuka kisa kinachofanana. Waliomlea Kezilahabi moyoni kwa Rosa Mistika ya 1971 na Dunia Uwanja wa Fujo ya 1975, walipofunguliwa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, wengi walitafuta kijiji, familia, mtu wa kumfuata kuanzia ukurasa wa kwanza, wakakuta hakuna. Wapo walioviita vitabu vyake vikubwa kuliko vyote na wapo walioviweka chini kurasa ya kumi. Mimi nimekuwa katika makundi yote mawili, kwa miaka tofauti. Tofauti ni kwamba msomaji wa Kezilahabi hakuwahi kumnenepesha Rosa kwa mkono wake mwenyewe. Mcheza gemu anapoondolewa jim, anaondolewa kazi aliyokuwa anaifanya. Ndiyo maana hasira yake ina harufu ya mtu aliyeachishwa kibarua.

IV niliicheza vizuri mwaka 2013, Mbeya, kwenye kompyuta ya kuazima, nikiwa peke yangu. Niko anafika kwa meli. Amekuja kwa sababu Roman amemsimulia makuu: ana jumba, ana magari ya kifahari, ana wanawake. Roman anampokea bandarini amelewa na kumpeleka kwenye chumba kidogo chenye mende. Hakuna jumba. Kuna kampuni ya teksi yenye madeni. Nilisimamisha gemu hapo, nikatoka nje kidogo.

Kisha niliendelea, na nikaanza kuona kitu ambacho orodha ya malalamiko haikukitaja. Namba hazikuwa zimeondolewa. Zilihamishwa. Kwenye San Andreas zilikaa kwenye mwili: misuli, mafuta, pumzi. Kwenye IV zinakaa kwa watu. Kila rafiki ana asilimia yake ya jinsi anavyokuona. Ukimkatalia Roman anaumia na namba inashuka. Ukienda naye inapanda, na ikipanda vya kutosha anakutumia teksi bure. Little Jacob anakuletea silaha kwa bei nafuu. Ni kweli San Andreas nayo ilikuwa na wapenzi wa kike wenye asilimia zao, sitaki kuidhulumu, lakini hao ungeweza kuwasahau. Roman hasahauliki, maana ana namba yako. Ile simu iliyokera dunia nzima ndiyo jim ya Niko. Unachotakiwa kukilisha kisikonde ni undugu.

Sisemi kwamba waliolalamika walikosea. Bolingi yenyewe inachosha, hata namna ya kuicheza ni duni, na ukitaka mtu aone thamani ya undugu usimpe kazi ya kuchosha halafu umkatishe katikati ya jambo lenye raha. Rockstar wenyewe walilisikia hilo. Miavuli ilirudi mwaka 2009 kwenye The Ballad of Gay Tony. Septemba 2013, GTA V ilirudisha ndege, baiskeli, vinyozi, tatuu na mistari ya pumzi na nguvu. Unene haukurudi. Ulibidi usubiri hadi 2018, kwa Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2, anayekonda asipokula. Na San Andreas yenyewe ilipoingia kwenye simu Desemba 2013, vijana wasiojua PlayStation 2 ilikuwaje walianza kumlisha CJ kuku wakiwa ndani ya basi la Tunduma.

Lakini kilichonitoa nje siku ile Mbeya kilikuwa cha mwaka mmoja nyuma. Mama mkubwa alifariki 2012, na kaka akarudi kuzika. Alishuka na begi moja. Alikuwa amekonda hata shingo ya shati ilimzidi. Duka halikuwepo, halikuwahi kuwepo. Alikuwa akiosha magari ya watu. Hakuna aliyemuuliza. Nyumbani walimwekea chakula, wakamwongezea, wakamwongezea tena.

Siku ya tatu baada ya mazishi tulitembea hadi kibandani. PlayStation 2 moja ilikuwa bado inafanya kazi. Memori kadi nilikuwa nayo, nilikuwa nimeitunza. Faili la mwisho lilikuwa lake, na CJ alitokea mbele ya nyumba ya mama yake kama alivyoachwa, tumbo nje ya fulana.

"Hajakonda tu miaka yote hii?"

"Kaka, asipochezwa hakondi."

Alicheka kidogo. Akachukua pedi, akampitisha CJ kando ya duka la kuku bila kusimama, akamwingiza jim na kuanza kubonyeza, vyuma vikipanda na kushuka. Mwenye kibanda akasema muda umekwisha. Nikalipia nusu saa nyingine.