MTOTO ALIYEUMIA KICHWA (Sehemu ya 4): Mazoezi yalivyofika kwenye mkeka wa mama

Mama zangu wa Nyakisasa na mlioko mbali, wengi mnaniuliza: "Nesi, mtoto karuhusiwa, lakini hakai, haongei, mkono mmoja umekaza. Si ndiyo basi tena?"

Sio basi. Leo nawapa historia kidogo mjue kwa nini.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza (1914–1918), askari wengi wa Ujerumani walirudi na majeraha ya kichwa. Daktari Kurt Goldstein akafungua kituo chao mjini Frankfurt. Hakuishia kufunga vidonda. Aliwapa mazoezi, masomo na kazi za karakana, wajifunze upya. Akaona kwamba mtu aliyeumia ubongo anaweza kupata njia nyingine ya kufanya jambo lililomshinda.

Kwa watoto, wanaokumbukwa sana ni Berta Bobath, mtaalamu wa mazoezi, na mumewe daktari Karel. Walikuwa wakimbizi waliomkimbia Hitler, na sisi wa Ngara neno mkimbizi tunalijua. Mwaka 1951 walifungua kliniki London kwa watoto wenye mtindio wa ubongo. Kumbeba, kumlisha na kumvalisha mtoto, vyote vikawa mazoezi, na mzazi akafundishwa. Mtaalamu anakaa na mtoto saa moja, mama yuko naye kutwa.

Mwaka 1978, kwenye mkutano wa Alma-Ata, mataifa yalikubaliana kwamba afya ya msingi si kinga na tiba tu, ni pamoja na utengamao, yaani kumrudisha mtu kwenye maisha yake. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani likahimiza kazi hiyo ifanyike kijijini, ndugu wakiwa walimu. Kwetu Tanzania, CCBRT ilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na neno "jamii" limo kwenye jina lake lenyewe.

Sasa niwaambie ukweli wangu. Nilipoanza kazi, mama mmoja aliruhusiwa na mwanae, nikamwambia tu, "Mshukuru Mungu, yuko hai." Sikumwonyesha hata zoezi moja. Aliporudi, miezi mingi imepita, kiwiko cha mtoto hakinyooki tena. Ile miezi hairudi.

Kwa hiyo mama, usiondoke wodini bila kuuliza: "Nikamfanyie nini nyumbani? Nionyesheni kwa mikono." Mlishe akiwa amekaa wima. Mgeuze, asilalie upande mmoja. Ongea naye hata kama hajibu. Kiungo kilichokaza kinyooshe polepole, usikivute kwa nguvu. Kidogo kidogo, kila siku. Na usimfiche ndani. Watoto wenzake nao ni walimu.

Akipata degedege, akitapika sana au akilala kupita kawaida, mrudishe hospitali haraka.

Sehemu ya 5: kula na kumeza. Msomee na bibi anayebaki na mtoto ukienda shamba.