Selulosi ya Mabanzi na Maji Meusi: Hoja kutoka Bonde la Rukwa

Wanaotafuta njia safi ya kutoa selulosi kwenye mabaki ya mbao aghalabu hupima usafi kwa kemikali zinazoingia mtamboni. Kwa Milepa kipimo hicho hakitoshi. Kata hii iko bondeni, chini ya ukuta wa Ufipa, na maji yake huishia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutoka. Maji huondoka kwa mvuke, chumvi hubaki. Swali la kwanza, basi, ni yatakwenda wapi maji yaliyokwisha kupikia mbao.

Mbao ina selulosi asilimia 40 hadi 50 hivi. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni hemiselulosi na lignini, gundi inayoshikilia nyuzi, na kuiondoa lignini ndiyo kazi yenyewe. Tangu Carl Dahl wa Ujerumani avumbue njia ya salfeti mwaka 1879, viwanda vimekuwa vikipika mbao kwa kostiki soda na sodiamu salfaidi kwenye nyuzi joto 170 hivi. Mgololo, Mufindi, kiwanda kilijengwa kwa njia hiyo. Kiwanda kikubwa huchoma katika tanuri maji meusi, yaani yaliyobaki baada ya kupika, kikapata mvuke na kurudisha kemikali. Kidogo hakimudu tanuri hilo, kikayamwaga. Sikubali, kwa hiyo, kwamba udogo ni usafi. Ukubwa nao si dhamana: kiwanda cha Webuye, Kenya, kililalamikiwa miaka mingi kwa harufu na kwa kuchafua Mto Nzoia. Angalau Nzoia huingia Ziwa Viktoria, lenye mlango wa Nile.

Njia nyingine ni ethanoli: huyeyusha lignini vizuri na hukenekwa ikatumika tena, lakini hudai chombo cha shinikizo kubwa. Mvuke wake ukivuja kwenye karakana iliyojaa maranda makavu, ni moto.

Mimi nachagua potashi kali, yaani kostiki ya potasiamu badala ya ile ya sodiamu. Sodiamu huharibu udongo wa mfinyanzi, ukajifunga na kukataa maji. Potasiamu ni chakula cha mmea. Wafipa, waliozoea kufukia nyasi kwenye matuta yao, hawahitaji semina kuhusu kurudisha mabaki ardhini. Salfa isipotumika, uvundo wa Webuye haupo. Klorini ya kung'arisha nayo ya nini? Massa, yaani nyuzi zilizopikwa, ya vifungashio yabaki kahawia.

Hesabu ndiyo ngumu. Tani moja ya mbao kavu hudai kostiki kilo 150 hadi 200, yaani potashi kilo 210 hadi 280. Majivu ya magunzi yaliyochujwa na kuchemshwa na chokaa hutoa potashi, lakini hayatafikia kiasi hicho, nyingi itanunuliwa. Tena misindano bila salfa huiva kwa shida kuliko mikaratusi, na magome yabanduliwe kwanza.

Mtambo ukae juu, jirani na Shamba la Miti Mbizi, mabanzi yaliko. Maji meusi yapimwe, yapunguzwe ukali, kisha yachanganywe na udongo kiangazi. Masika yakiyakuta juu ya ardhi, mito itayashusha hadi Milepa.