Habari za Karanga na Siagi Yake



Hakuna mtu katika nchi yetu asiyeijua karanga. Watoto huitafuna njiani waendapo shule, akina mama huitwanga na kuitia katika mlenda, na mkulima huiuza apate fedha ya nguo na chumvi. Lakini kwa kuwa twaijua sana, wengi wetu hatukuuliza kamwe imetoka wapi, wala kwa nini karanga ile ile tuiuzayo kwa bei ndogo huturudia katika chupa yenye karatasi nzuri, ikiitwa siagi ya karanga, nayo ni ghali. Sisi wenyewe hatukuuliza mpaka tulipopatwa na jambo hili.

Mwaka mmoja mtoto wetu aliinuka katika ugonjwa, naye amekonda sana. Tabibu wa zahanati akatuambia tumpe kila siku uji uliotiwa siagi ya karanga. Tukapanda gari mpaka mjini, tukaingia dukani, tukanunua chupa moja. Na fedha tuliyoitoa ilikuwa sawa na ile tuliyopokea kwa nusu debe ya karanga tulizomwuzia mchuuzi wakati wa mavuno. Tuliporudi nyumbani tukasoma maneno ya karatasi ile, tukaona ya kuwa ndani yake mna karanga, na sukari, na mafuta ya mawese, na chumvi. Mama yetu akaionja, akacheka, akasema, "Mwanangu, mwenye ng'ombe hununua maziwa? Nipe karanga zako, uniletee na jiwe langu." Jioni ile ile akasaga, mtoto akala, na tangu siku hiyo hatukununua tena. Ndipo tukaanza kutafuta habari za chakula hiki katika vitabu, tupate kujua ni nini kilichoongezwa katika karanga hata ikawa ghali. Na hizi ndizo habari tulizozipata.

Kwanza, karanga si mzaliwa wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, pande zile ambako nchi za Bolivia na Argentina zapakana. Watu wa huko waliilima maelfu ya miaka kabla Wazungu hawajafika kwao. Katika nchi ya Peru, mahali paitwapo Sipán, mwaka wa 1987 wataalamu walifukua kaburi la mtawala wa kale, wakakuta amezikwa na mkufu wa karanga zilizofanyizwa kwa dhahabu na fedha. Basi na tufikiri: mtu hafanyizi kwa dhahabu kitu anachokidharau.

Katika karne ya 16 Wareno waliichukua kutoka Brazil, wakaileta pwani ya Afrika ya Magharibi. Babu zetu hawakuiona kuwa kitu kigeni sana, maana tangu zamani walikuwa na njugu mawe, ambayo ni ya Afrika hasa, nayo pia huzaa chini ya ardhi. Ua la karanga huchanua juu, kisha hutoa kijiti ambacho huinama na kuingia udongoni, na huko chini ndiko karanga huumbika. Kwa hiyo wenye kuijua njugu mawe waliipokea karanga kama mtu ampokeavyo ndugu aliyetoka safari ndefu.

Ndipo ikaja biashara mbaya ya watumwa, na karanga ikavuka bahari mara ya pili pamoja na watu waliofungwa. Huko Marekani ya kusini karanga iliitwa "goober", na wenye elimu ya lugha wasema neno hilo limetoka katika "nguba" la Kikongo. Watu waliporwa nchi yao na majina yao, lakini jina la chakula chao halikufa. Kwa muda mrefu karanga ilidharauliwa huko, kuwa ni chakula cha watumwa na cha nguruwe. Hata ilipotokea vita ya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 mpaka 1865, askari wa pande zote mbili walishikwa na njaa wakaila, na baada ya vita wakarudi makwao wakiipenda.

Sasa tuje kwenye siagi yenyewe. Mwaka 1884 mtu wa Montreal katika Kanada, jina lake Marcellus Edson, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake, yaani njia ya kusaga karanga zilizokaangwa kati ya vyuma vyenye moto mpaka ziwe uji mzito. Mwaka 1895 Dakta John Harvey Kellogg, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Waadventista huko Battle Creek katika Marekani, aliomba hati kwa siagi yake, maana wagonjwa wake hawakupewa nyama, naye alitaka wapate chakula chenye nguvu badala yake. Mwaka 1903 Ambrose Straub wa St. Louis alipata hati ya mashine ya kusagia, na mwaka uliofuata siagi ya karanga iliuzwa mbele ya makutano katika maonyesho makubwa ya mji huo.

Yafaa tuliangalie neno hili vizuri. Hati hizo zilikuwa za njia na za mashine. Hazikuwa za chakula kipya. Katika nyumba nyingi za Afrika karanga ilikaangwa, ikasagwa, ikatiwa katika mchuzi, wala hakuna mwanamke aliyeomba hati kwa ajili ya jiwe lake. Huko Marekani siagi hiyo mwanzo ilikuwa anasa ya matajiri katika nyumba za chai. Baadaye mashine ziliongezeka, bei ikashuka, ikawa chakula cha kila mtu.

Wengi hudhani ya kuwa aliyeivumbua ni George Washington Carver. Sivyo. Lakini twaweza kusema yeye alifanya jambo kubwa kuliko hilo. Mtu huyu mweusi alizaliwa utumwani katika Missouri, yapata mwaka 1864, akapata elimu kwa taabu nyingi, na mwaka 1896 Booker T. Washington akamwita kufundisha katika shule ya Tuskegee, Alabama. Aliwakuta wakulima weusi wamefungwa na zao moja tu, pamba, nayo imechosha ardhi, na mdudu wa pamba alikuwa akija. Akawafundisha kupanda karanga, maana huirudishia ardhi nguvu. Hata hivyo hakuishia shambani. Mwaka 1916 alitoa kitabu kidogo cha kuonyesha namna 105 za kuipika karanga, na siagi ni mojawapo. Alikiandika kwa maneno mepesi, kwa watu wenye sufuria moja. Wengine walitafuta hati za kuwazuia watu. Yeye aliwagawia watu ujuzi. Alifariki mwaka 1943.

Je, ni nini basi kilichoingia kati ya karanga na mlaji? Siagi ya karanga tupu ina desturi yake: ikikaa, mafuta hupanda juu na unga hushuka chini, na baada ya muda mafuta hayo huchacha. Kwa mwenye duka hiyo ni hasara. Katika miaka ya 1920 Joseph Rosefield wa California alipata dawa yake: aliyapitishia mafuta hewa iitwayo haidrojeni mpaka yakaganda, na siagi ikakaa miezi mingi dukani bila kujitenga. Faida ilikuwa kubwa, maana sasa iliweza kusafirishwa mbali. Lakini mlango uliofunguliwa kwa mafuta yale uliwaingiza na wengine. Watengenezaji wengine walipunguza karanga, wakaongeza mafuta ya namna nyingine na sukari. Mwaka 1959 serikali ya Marekani ikataka kuweka sheria ya kipimo cha karanga katika siagi. Wenye viwanda wakabishana nayo kwa muda wa miaka kumi na zaidi. Na katika mabishano hayo mama wa nyumbani mmoja, Ruth Desmond, alisimama kuwatetea wanunuzi. Mwaka 1971 ikathibitika ya kuwa kitu kisichokuwa na karanga asilimia 90 hakina haki ya kuitwa siagi ya karanga huko.

Sisi wa Ugogo tunayo habari yetu wenyewe ya namna hiyo. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikosa mafuta ya kula, nao wakakusudia kulima karanga katika Tanganyika, ekari zaidi ya milioni tatu. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kwa matrekta mengi yaliyotumika vitani. Mizizi ya miti ikavunja majembe ya chuma, mvua ikakosekana, na udongo ukawa mgumu kama matofali wakati wa kuvuna. Januari 1951 wakaacha, wakiwa wamepoteza paundi kama milioni 36. Lakini wenyeji waliokuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono, kipande kidogo mwaka huu na kingine mwaka ujao, waliendelea kuvuna. Karanga ni zao la mtu mwenye subira.

Kwa hiyo na turudi kwenye jiwe la mama. Njia yake ni hii. Kwanza chagua karanga zilizobanguliwa, moja moja, ukatupe zote zilizosinyaa, zilizooza na zenye ukungu. Usizipe kuku wala usizichanganye na nyingine. Mwaka 1960 katika Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu, na hapo ndipo wataalamu walipoitambua sumu ambayo sasa twaiita sumukuvu. Hiyo huharibu ini la mtu, wala kukaanga hakuiondoi yote. Basi anika karanga zako vizuri mara uvunapo, uziweke mahali pakavu.

Pili, kaanga kwa moto mdogo huku ukikoroga, mpaka maganda membamba yatoke kwa kusuguliwa. Ziache zipoe kidogo, zisugue, upepete kwa ungo. Tatu, twanga katika kinu mpaka ziwe unga, kisha saga juu ya jiwe zingali na vuguvugu. Usikate tamaa unga ukishikamana. Endelea, na mafuta yatatoka yenyewe, maana karibu nusu ya karanga ni mafuta. Tia chumvi kidogo ukipenda. Usitie maji kamwe, maana huiozesha upesi. Weka katika chupa safi, kavu, yenye kifuniko. Mafuta yakipanda juu, usidhani imeharibika. Koroga kwa kijiko kikavu. Saga ya wiki moja au mbili tu, kisha saga nyingine.

Na hesabu yake ni nyepesi: kilo moja ya karanga zilizobanguliwa hutoa karibu kilo moja ya siagi. Kila msomaji na achukue bei ya karanga sokoni kwake, ailinganishe na bei ya chupa dukani, naye ataona mwenyewe analipia nini. Hatuwalaumu wenye viwanda. Mtu wa mjini asiye na kinu ahitaji chupa yao. Lakini sisi wenye kinu, na mchi, na shamba, tuna udhuru gani?

Mwaka 1996 tabibu wa Ufaransa, André Briend, alitumia siagi ya karanga, pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, kufanyiza chakula cha kuwaponya watoto waliodhoofika kwa njaa, nacho kimeokoa wengi katika Afrika. Chakula hicho ni dawa, nacho hutolewa na watabibu. Hata hivyo chatuonyesha ni nguvu gani iliyomo katika kitu tunachokipima kwa debe na kukiuza upesi.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Basi, ndugu, wakati wa mavuno ujao, kabla mchuuzi hajafika mlangoni, tuweke kando debe moja la watoto wetu. Mtoto wetu aliyekuwa amekonda sasa hukimbia na wenzake. Na jioni, bibi yake akaapo kusaga, yeye ndiye wa kwanza kufika na kijiko.