Mafuta ya Kiini cha Ngano

Vitamini E iligunduliwa kwa panya walioshika mimba wasizae. Mwaka 1922, katika Chuo Kikuu cha California mjini Berkeley, Herbert Evans na Katharine Bishop waliwalisha panya majike chakula cha kupimwa: protini ya maziwa, wanga, mafuta ya nguruwe na chumvi za madini, pamoja na hamira na mafuta ya ini la samaki ili vitamini zilizokwisha kujulikana zisikosekane. Panya walinawiri, wakapandwa na kushika mimba kama kawaida, lakini vijusi vilifia tumboni na kuyeyuka humohumo. Walipoongezewa majani ya saladi, walizaa.

Baadaye Evans alikwenda kwenye kinu cha unga huko Vallejo, akakuta ngano ikitoka kwa mikondo mitatu: pumba, unga mweupe, na viini, ile sehemu ya punje inayochipua. Akawajaribia panya vyote vitatu. Viini ndivyo vilivyofaa, na nguvu yao ilikuwa katika mafuta ya rangi ya dhahabu yaliyomo ndani yake. Mwaka 1936 vitamini yenyewe ilipotengwa kutoka kwenye mafuta hayo, profesa wa Kigiriki, George Calhoun, aliombwa jina. Akaunganisha tokos, uzazi, na pherein, kuleta; ikawa tokoferoli.

Kwa binadamu, jina liliutangulia ushahidi. Tangu 1931 daktari wa Denmark, Philip Vogt-Møller, alikuwa ameandika katika jarida la The Lancet kuhusu kuwapa mafuta ya viini vya ngano wanawake ambao mimba zao zilikuwa zikiharibika mara kwa mara. Kasoro ilikuwa moja, nayo kubwa: hawakulinganishwa na wenzao wasiopewa. Mwanamke aliyepoteza mimba mbili au tatu bado ana nafasi nzuri ya kuilea inayofuata bila dawa yoyote, na sifa huiendea chupa aliyokuwa akinywa. Majaribio ya baadaye yenye ulinganisho hayakuthibitisha kwamba vitamini E huzuia mimba kuharibika. Upungufu wake kwa binadamu, tofauti na wale panya, ni nadra. Huwapata zaidi watu ambao miili yao haifyonzi mafuta.

Kidonge kilichothibitika kuwafaa wajawazito kilitoka kwingine kabisa. Lucy Wills, daktari Mwingereza, alifika Bombay mwaka 1928 kuchunguza upungufu wa damu kwa wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, akaona unatibika kwa Marmite, ule urojo wa hamira unaopakwa kwenye mkate. Mwaka 1941 watafiti wa Texas walikamua tani nne za spinachi wakapata tindikali waliyoiita foliki, kutokana na neno la Kilatini la jani; ndiyo iliyokuwa ikitibu katika Marmite. Jaribio lililotangazwa Uingereza mwaka 1991, kwa wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro kama mgongo wazi, lilionyesha kwamba foliki ilipunguza kurudi kwa kasoro hizo kwa asilimia 72. Mwaka uliofuata Marekani ikashauri mikrogramu 400 kila siku kwa kila mwanamke anayeweza kushika mimba.

Foliki haikupendekezwa ili mimba iingie, bali ili mimba iikute foliki imo mwilini tayari. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo tangu mimba kutungwa, na mwanamke anayepewa vidonge vya FeFo (madini ya chuma pamoja na foliki) siku ya kwanza ya kliniki huwa kwa kawaida amekwisha kuzipita.