Nani Yuko Upande wa Pili?

Mwaka jana kaka yangu anayefanya kazi Dubai alinitumia karo kwa sarafu ya kidijitali. Kampuni iliyopokea fedha hizo ilizizuia siku tisa, ikidai haiitambui kampuni iliyotuma. Nusura nizuiwe kufanya mtihani. Hasira ile ndiyo iliyonifanya nitafute chanzo cha kanuni hiyo.

Niligundua kwamba ilianzia kwenye mabenki. Mwaka 1996 Marekani ilizitaka benki zinazotuma dola 3,000 au zaidi ziambatanishe jina la mtumaji, ili taarifa zisafiri pamoja na fedha. Kwa hiyo ikaitwa Kanuni ya Safari. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha kilichoundwa mwaka 1989, kikazitaka nchi nyingine zifanye vivyo hivyo.

Bitcoin ilipoanza Januari 2009, lengo lake lilikuwa watu wawili walipane bila kumtegemea mtu wa kati. Hata hivyo, watu wengi walirudi kwa watu wa kati, yaani kampuni za kubadilishia sarafu. Juni 2019 FATF ikazijumuisha kampuni hizo katika kanuni ileile.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Benki hujuana kwa majina na namba zao maalumu. Anwani ya sarafu ya kidijitali ni mfuatano wa herufi na tarakimu tu. Haisemi ni ya nani. Kila kampuni ikalazimika kujiwekea masharti ya kumwamini mwenzake: Je, ana leseni? Yuko nchi gani? Anatunza siri za wateja? Isitoshe, nchi hazikuanza pamoja. Singapore ilianza Januari 2020, Uingereza Septemba 2023, na Umoja wa Ulaya Desemba 2024. Aliyebanwa na sheria alikutana na asiyebanwa, na fedha za mteja zikakwama katikati.

Kwa maoni yangu, kampuni ile ilikuwa na haki ya kuuliza. Kupeleka jina langu na la kaka kwa kampuni isiyochunguzwa kungeweza kutuweka mikononi mwa matapeli. Kosa lake ni kunyamaza siku tisa bila kutueleza kilichopungua. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lipo, mwenye mali naye aelezwe kilichoandikwa.